Samaki Mbele ya Baraza

Watu wengi hapa Mwanza wanapenda ziwa likitulia. Jioni za namna hiyo wanashuka ufukweni na watoto, wanakaa juu ya mawe, wanapiga picha, wanaambiana leo ziwa limelala. Mimi ziwa likilala situlii. Natoka nje kutazama majani ya migomba kama yanatikisika. Narudi ndani, napanga vyombo ambavyo vimeshapangwa, natoka tena. Binti yangu wa mwisho akija kututembelea ananiambia, "Mama, kaa basi hata kidogo," nami nakaa, lakini masikio yanabaki nje. Upepo ukianza kuvuma na mabati yakaanza kulia, ndipo napata usingizi.

Hofu hii sikuzaliwa nayo. Imekuja na samaki. Mimi na mume wangu tunafuga sato ziwani kwa vizimba, na kwa asiyejua kizimba ni nini, afikirie wavu mkubwa ulioshonwa kama gunia, mdomo wake umefungwa kwenye fremu ya mabomba inayoelea juu ya mapipa ya plastiki, na fremu hiyo imefungwa kwa kamba kwenye nanga ili isichukuliwe na mawimbi. Vifaranga tunanunua, tunawamwaga humo, wanakulia humo mpaka mmoja anatosha kujaza sahani. Tulikuwa na vizimba vinne. Vyote vinne vilikaa mahali alipotaka mume wangu, yaani chini ya baraza la nyumba yetu, ndani ya ghuba dogo lililozungukwa na mawe, mahali ambapo upepo hupita juu bila kushuka.

Mume wangu ni mtu wa Kisesa, amezaliwa kwenye ng'ombe. Kwao zizi linakaa mbele ya nyumba, na jioni mwenye ng'ombe anatoa kiti nje na kutazama mali yake ikirudi. Hafanyi kitu. Anatazama tu, nani anachechemea, nani kanenepa, nani leo kajitenga na wenzake. Baba mkwe wangu alikuwa hivyo mpaka mwisho wa uhai wake, na ukimsemesha wakati ule unajibiwa kwa mkono. Mume wangu yeye alifanya kazi miaka mingi ya ufundi kwenye kiwanda cha pamba, akastaafu, na kwa kuwa huku Ilemela hakuna pa kuchungia ng'ombe, akasema tutafuga samaki. Siku tunaburuta fremu ya kwanza majini nilimuuliza mbona tusipeleke kule nje, nyuma ya mawe, ambako maji yanatembea. Alinitazama kama nimemwambia aweke zizi kijiji cha jirani.

"Mama, mali unaiweka unapoiona."

Hakuwa peke yake. Tembea ufuo wetu wote, utakuta wafugaji waliotoka kwenye ng'ombe wamefanya vilevile, vizimba viko puani mwa nyumba, nyuma ya mawe, mbali na mawimbi na karibu na macho. Wezi wanaogopwa, dhoruba inaogopwa. Kwa hiyo nilinyamaza, ingawa kunyamaza si kazi ninayoiweza.

Kisha kiharusi kikampata. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburutwa, na yule mwanaume aliyekuwa anabishana na redio akabaki na maneno yanayotoka moja moja. Miezi ya kwanza hakutaka kitu. Alilala akiutazama ukuta, chakula anageuzia uso, na wale wa mazoezi ya viungo wakija anajifanya amesinzia. Nililia sana kipindi kile, nalia jikoni ili asinisikie, halafu naingia chumbani namgombeza. Siku moja kwa hasira tu nilimwambia mdogo wake, shemeji yangu anayeendesha boti yetu, tumbebe na kiti chake tumtoe barazani aote jua. Tukamweka akiangalia ziwa. Wakati ule ule shemeji alishuka kulisha samaki, maji yakachemka kwa wale sato wanavyogombania chakula, na minandi, wale ndege weusi wa kupiga mbizi, wakatua juu ya fremu. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Cha tatu... hawali vizuri."

Nilikimbia kwenda kumwambia jirani kama mtoto. Tangu siku hiyo alitaka kuamka. Akikubali kusimama, anasimama ili afike barazani. Akikubali kula, anakula kule nje, macho kwenye vizimba. Mazoezi ya mkono aliyafanya kwa kumwonyesha shemeji kidole, pale, hapana, pale. Mtu yeyote aliyefika kwetu aliona kitu kimoja, kwamba wale samaki mbele ya baraza ndio waliomtoa mume wangu kitandani wakamrudisha kwa watu.

Nimeeleza hayo yote ili nieleweke ninaposema kwamba nilianza kuona samaki wale watakufa mahali pale, na sikujua nitafanya nini.

Dalili ya kwanza niliipata kwenye kuku wangu. Siku zote huwa naokota magamba ya kome ufukweni, wale wa ziwani wenye magamba mawili yanayofunga kama mkebe, nayaponda nawapa kuku ili mayai yasiwe laini. Magamba matupu yaliyokauka hayakosekani. Lakini ukitembea kwenye maji ya magotini kome wazima nao wapo, wamejichimbia kwenye mchanga, unawasikia kwa unyayo. Ghubani kwetu nikawa nawakuta wamefunguka, nyama bado imo ndani, imeoza. Kila nikishuka nakuta wengine. Kuku walipata magamba ya kumwaga, nami nikawa sina raha.

Dalili ya pili ilikuwa furu, vile visamaki vidogo vidogo vya porini ambavyo hakuna anayevifuga. Mwanzoni walijaa chini ya vizimba, wanaokota makombo yanayopita kwenye wavu. Wakaanza kupungua. Wapi walikokwenda sijui, lakini mtu akihama kwenye chakula cha bure, ujue pana jambo.

Dalili ya tatu ilikuja na alfajiri. Kulipopambazuka nilishuka nikawakuta sato wote wako juu, wamepanga midomo kwenye uso wa maji, inafunguka na kufungika, inafunguka na kufungika. Hawakuwa wakirukaruka. Walikuwa wametulia kama watu wa kwenye foleni. Kutoka juu barazani, ambako mume wangu alikuwa ameshakalishwa, ikaja sauti.

"Wana njaa! Wape!"

Shemeji akachukua ndoo, akawamwagia. Hawakula. Chakula kikaelea, kikalowa, kikazama.

Nilimwita afisa uvuvi. Alikuja binti mdogo mwenye buti za mpira na kifaa chenye waya mrefu, akanisalimia shikamoo, akapanda kwa mzee akamsalimia na yeye, ndipo akashuka kwenye boti. Akateremsha ule waya kidogo kidogo, anasoma, anateremsha tena. Maji ya juu yalikuwa na hewa kidogo tu. Chini hapakuwa na hewa kabisa. Alinieleza taratibu, na sikuhitaji aeleze mara mbili, maana kila alichosema nilikuwa nimekwisha kukikanyaga kwa miguu yangu. Chakula kisicholiwa na kinyesi cha samaki vinashuka chini. Vinaoza, na kuoza kunatumia hewa ya maji. Mbolea ile inakuza ule ukijani wa majini, ambao mchana unatoa hewa na usiku unaivuta, ndiyo maana alfajiri samaki wanakuja juu kutafuta pumzi. Kome wanaochuja maji wanakufa kwa kuwa wamelala kulekule kwenye uchafu. Na joto likikaa bila upepo, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki, uozo unajifungia chini kama chungu kilichofunikwa.

"Na siku upepo ukija?" nikamuuliza.

"Hapo sasa, mama. Ukija kidogo kidogo kila siku, unawasaidia. Ukikaa siku nyingi hauji, halafu ukaja kwa nguvu, yale ya chini yanapanda yote kwa pamoja. Samaki wa porini watakimbia. Wa kwenu watakimbilia wapi?"

Akaniambia nihamishe vizimba, niende nje ya mawe kwenye maji marefu yanayotembea, na hapa niache papumzike. Alisema kama mtu anayekuambia uhamishe meza. Nikamwonyesha baraza kwa kidevu. Mume wangu alikuwa amekaa kule juu, ameinua mkono wake mzima kumpungia. Binti wa watu akaelewa, akaanza kukunja waya wake.

Zikafuata siku ambazo sitaki zirudi. Hewa ilisimama. Ziwa likawa kioo, watu wakashuka kupiga picha. Mimi nilikuwa napanda na kushuka ile njia ya mawe mpaka magoti yakaniuma. Namkataza shemeji kulisha sana, kule juu mume wangu anapiga kiti kwa fimbo, anataka wapewe zaidi. Kwao mgeni anaongezewa mpaka azibe sahani kwa mkono, na ng'ombe anayeangalia mtu namna ile ana njaa. Midomo ile alfajiri kwake ilikuwa midomo inayoomba. Nikipanda namweleza kwamba si njaa ile, ni pumzi. Ananiangalia kwa huzuni, kama mimi ndiye nimepata kiharusi.

"Unawanyima," alisema.

Neno hilo lilinichoma. Nilimjibu vibaya, nikamwambia afadhali anyamaze, halafu nikakumbuka nilivyoomba kwa miezi ile aseme walau neno moja. Nikashuka tena ziwani bila sababu. Nikaosha ndoo iliyokuwa safi.

Ningeweza kuhamisha bila kumwuliza. Shemeji alikuwa tayari, majirani wangetuazima boti. Lakini nilikuwa nakiona kile chumba cha miezi ya kwanza, ukuta ule na mgongo ule ulionigeukia. Nikawa nasema kesho. Kesho ikifika naangalia migomba, nasema labda upepo utaanza polepole, utasafisha, hatutahitaji kuhama. Nilibembeleza hali ya hewa kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Upepo haukuanza polepole. Ulishuka alasiri pamoja na mawingu meusi kutoka upande wa magharibi, mvua ikapiga, mapipa yakagongana, na safari hii ghuba letu halikukingwa na mawe yake. Maji yakageuka rangi mbele ya macho yetu. Asubuhi palikuwa peupe. Sikuelewa mara moja ni nini, nikadhani povu. Ni matumbo. Kizimba cha nne, kile cha ndani kabisa kwenye kona, samaki wake wote walikuwa wamegeuka. Vile vitatu vya kuelekea mlangoni mwa ghuba vilikuwa vimebaki na walio hai, midomo juu, wanavuta.

Mume wangu alikuwa ameshaona kabla yangu. Nilimwona kutoka chini, amekaa wima, mkono wake mzima umeshika ule uliokufa.

Mtu mmoja wa jirani alishuka na gunia akiniambia samaki hao wakikaushwa haraka watauzika. Nilimfukuza kwa maneno ambayo siyaandiki. Tuliwatoa kwa makarai, mimi na shemeji, tukawafukia juu mbali na maji, na mikono yangu ilinuka kwa muda mrefu kiasi kwamba sikuweza kula ugali kwa mkono. Tulipokuwa tunaing'oa nanga ya kile kizimba ili tuburute fremu kando, nanga ikaja na tope. Tope jeusi, laini kama grisi, linalonuka mayai viza. Ndani yake magamba ya kome yalijaa, yamefunguka, hakuna hata mmoja mzima.

Hapo hasira ilinipanda kweli. Nikachota tope lile kwenye ndoo, nikapanda nayo juu, miguu imelowa, nguo zimejaa magamba ya samaki, nikaitua mbele ya kiti chake.

"Nusa," nikamwambia. "Unasema nawanyima. Nusa hicho wanachokalia."

Aliinama. Nilitegemea ageuze uso. Badala yake alitumbukiza kidole cha mkono mzima, akasugua tope kati ya vidole, akalisogeza karibu na pua, akalirudisha chini. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu anayejua anachokagua.

"Zizi la masika," alisema.

Akakitazama kidole chake.

"Mbolea ikizidi... kwato zinaoza. Ng'ombe anasimama tu. Hali." Akapumua. "Baba alikuwa anahamisha zizi. Kila masika. Mimi nimewaacha... wamesimama humo."

Machozi yalimtoka, na tangu augue machozi yake yalikuwa hayajui kujizuia. Mimi niliyekuja na ndoo ya ugomvi nikajikuta nimechuchumaa namfuta tope vidoleni kwa kanga yangu. Nikamweleza alichosema yule binti, nyuma ya mawe, maji marefu, hapa papumzike. Alisikiliza yote. Kisha akauliza swali moja nililokuwa naliogopa.

"Nitawaona?"

Ningeweza kusema utakuwa unawaona kidogo. Ningesema tutakupeleka kwa boti, ambayo daktari alikuwa ameikataza na mguu wake ungeikataa.

"Hapana," nikasema. "Mawe yatakuziba."

Akaangalia vile vizimba vitatu, midomo bado iko juu ya maji. Akanyanyua fimbo akaelekeza nje ya ghuba.

"Hamisha."

Kuhamisha kizimba chenye samaki ni kazi ya kumchosha mtu mwenye haraka, na mimi ndiye mtu huyo. Ukivuta kwa kasi, wavu unalala, samaki wanabanwa upande mmoja wanakufa kabla hujafika. Inabidi kuvuta kwa mwendo wa mgonjwa. Tulitumia boti mbili, yetu na ya jirani, na jambo la ajabu tulilazimika kungoja asubuhi ya ziwa tulivu, ile ile shwari ninayoichukia. Nilikaa kwenye fremu nimeshika bomba, natazama chini, namfokea shemeji apunguze, naye anajibu kwamba akipunguza zaidi tutarudi nyuma. Kila nilipogeuka nilikiona kiti kule barazani. Kizimba cha kwanza kikapita mlangoni mwa ghuba, cha pili, na cha mwisho kilipoanza kuingia nyuma ya jiwe kubwa nilimwona mume wangu amesimama. Alikuwa peke yake, bila mtu wa kumshika, ameegemea nguzo. Nilipiga kelele akae chini, hakunisikia. Halafu jiwe likatuziba.

Samaki walipona. Nyuma ya mawe mkondo unapita, wavu unatikisika muda wote, na wiki haikwisha midomo ikawa haionekani tena alfajiri. Wanabaki chini kama samaki wenye adabu, wanapanda kwa chakula na kushuka. Furu wakaja wakajaa chini yao. Minandi wakahamia kule na vinyesi vyao vyote juu ya fremu. Yule binti wa uvuvi alishusha waya wake, akasoma, akacheka. Mimi nilikuwa narudi nyumbani na habari njema, nakuta mtu amekaa anatazama maji matupu.

Alianza tena kuacha chakula. Alisema mguu unauma, mazoezi kesho. Nikimsimulia samaki walivyokula anaitikia kwa kichwa, na ukweli ni kwamba mimi si msimuliaji mzuri wa samaki, siwezi kusema nani anachechemea. Siku nilipomkuta amerudishwa ndani mapema kwa kuomba mwenyewe, amelala, uso ukutani, nilitoka nje nikasimama kwenye njia ya mawe.

Kile kizimba cha nne, kile cha maafa, kilikuwa kando ya ufuo, fremu nzima, wavu umeoshwa. Asubuhi yake nikamwambia shemeji turudishe ghubani.

"Kuna samaki gani wa kutia humo?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Shemeji, funga kamba."

Nikamwambia mume wangu kwamba tumewabakiza wachache, kwa kuwa wachache hawachafui. Akatolewa barazani. Na kila jioni nikitoka kulisha kule nje, nilikuwa namwambia shemeji azime injini mbele ya kizimba kile kitupu, nasimama kwenye boti, naingiza mkono kwenye ndoo isiyo na kitu, na narusha. Narusha kushoto, narusha kulia, ninafanya kama kawaida, hata nainama kutazama. Shemeji alikuwa anageuza uso mabega yanatikisika kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikimaliza naangalia juu, na kule juu mkono mmoja unainuka. Alianza kula tena. Alianza kuuliza wa mazoezi wanakuja lini. Nilijiambia hata nikiendelea hivi mpaka nizeeke, nitaendelea.

Mwanzo wa masika, nikiwa namwekea chai pale barazani, alisema bila kugeuka:

"Kile kitoe."

"Kipi?"

"Kitupu kile."

Nikamimina chai nje ya kikombe. Nikaanza kusema habari ya wale wachache, akanizuia kwa kidole.

"Minandi hawaji," alisema. "Siku ya kwanza tu... hawakuja. Kwetu ng'ombe wakihama, na yangeyange, wale ndege weupe, wanahama. Samaki hakuna, makombo hakuna, furu hakuna. Ndege atue afanye nini?" Akapumzika, maana sentensi ndefu zilimchosha. "Kitoe. Pale papumzike vizuri. Kivuli hicho nacho... ni mzigo."

Nilikasirika, sijui kwa nini hasa. Jua la jioni zote zile, mkono mtupu, shemeji akinicheka.

"Sasa kama ulijua tangu siku ya kwanza, mbona uliniacha nirushe hewa muda wote huo kama mwehu?"

Alichukua kikombe kwa mkono wa kushoto, akanywa, akakirudisha taratibu.

"Ulikuwa unasimama pale," alisema. "Nilikuwa nakuona."

Nilifuta chai iliyomwagika, nikafuta tena mahali palipokauka.

Fremu tuliitoa siku iliyofuata, na ghuba sasa liko wazi kutoka jiwe mpaka jiwe. Juzi nilitembea kwenye maji ya magotini nikakanyaga kitu kigumu kwenye mchanga, nikakichimbua kwa vidole vya mguu. Kome, mdogo, mzima. Nilimpandisha mpaka barazani nikamweka kwenye kiganja cha mume wangu, akafunga magamba yake kwa nguvu. Mume wangu alimshika muda mrefu, kisha akanirudishia, akasema nimrudishe majini kabla sijawakumbuka kuku wangu.

Na hewa ikisimama bado nazunguka na migomba yangu, hilo halijatoka. Lakini kila jioni tukirudi kutoka nyuma ya mawe, shemeji siku hizi haambiwi. Anazima injini mwenyewe katikati ya ghuba, nami nasimama.